Kupima Sauti Mpaka Shituru

Banc yetu, benchi ya kunywea kahawa, iko hapa mtaa wa Panda, chini ya dirisha la Fidèle, na tangu usine, kiwanda chetu cha shaba, iache kulipa watu imejaa mabingwa wa kila kitu. Leo asubuhi mabingwa walipata kazi. Suzanne, bibi ya Fidèle, iko na mimba ya miezi tisa. Mkunga, Mama Mélanie, anakaa mbali, kule Shituru. Ambulance, tuseme iko likizo. Basi Georges, fundi wa umeme, akafufua radio mbili za mukono. Moja akatuachia: "Mukitaka kuongea, mufinye hii bouton." Ingine akapanda nayo baiskeli mpaka kwa mkunga, tupime kama sauti inafika, tumuite maumivu ikianza. Kalombo, tunamuita Directeur kwa sababu zamani alikuwa anamufungulia directeur wa usine mulango, akaona kidole kitachoka bure. Akaifunga bouton na kipande cha mpira wa baiskeli, ikae imefinywa.

— Allô, Georges! Unatusikia?

Kimya.

— Ni cheminée ya Shituru, ile bomba ya moshi ya usine, akasema Directeur. Inazuia.

— Cheminée gani? akauliza Benoît, diacre wetu wa kanisa. Haitoe moshi tangu mwaka jana!

— Njo vile! Zamani moshi ilikuwa inabeba sauti. Sasa sauti itapanda na nini?

— Wapi! akakata Benoît. Ni cuivre, ni shaba. Udongo hii yote ni cuivre, inanyonya maneno. Ita kwa nguvu.

— ALLÔ, GEORGES!

Kimya.

— Basi ni maombi, akasema Benoît. Kanisa ya Mama Mélanie banaomba tangu asubuhi. Hewa imejaa. Allô yetu itapita wapi?

Fidèle akakohoa.

— Minye naona ni bakubwa ba Kinshasa. Bamekula mishahara, bamekula bitanda bya hospitali. Signal njo batatuachia?

Hiyo tuliipigia makofi.

Mara baiskeli ikafika. Georges anakanyaga, jasho tupu. Nyuma yake Mama Mélanie, sakosi ya vifaa vyake kwenye magoti.

— Pole, Mama, akasema Directeur. Radio haifike kwako.

— Inafika muzuri sana. Nimesikia cheminée. Nimesikia cuivre. Nimesikia na kanisa yangu, asante. Georges amewajibu mpaka koo ikakauka, lakini bouton ikifinywa munaongea tu, hamusikie mutu.

Directeur akaanza kufungua mpira polepole.

— Na nimesikia Suzanne, hapa dirishani, nyuma yenu. Mara tatu: "Fidèle, maumivu imeanza." Na weye ukamujibu: "Nyamaza kwanza, tunatafuta signal."

Ni kweli alijibu vile. Na sisi, aibu yetu, tulimusaidia kumunyamazisha.

— Minye nilimusikia nikiwa Shituru, akasema Mama Mélanie. Sasa uniambie, Fidèle: toka hii banc mpaka ku kitanda ya bibi yako, ni mbali namna gani?

Suzanne ndiye aliyejibu, kwa kilio, na safari hii tulimusikia wote.