Tulsidas na Misikiti ya Kwenye Vioo

Wasikilizaji wapendwa, poleni na mihangaiko ya siku. Leo tunamkumbuka Mzee Tulsidas, mpiga picha wa Kariakoo. Ametutoka Jumatatu, akiwa na miaka themanini na moja.

Mzee Tulsidas alirithi sanduku la vioo. Zamani, kabla ya filamu, picha ilinaswa kwenye kioo. Babu yake, zama za Wajerumani, alizunguka na kamera ya mbao akipiga picha misikiti ya mawe, kutoka Pangani hadi Kilwa. Mingine leo ni kifusi. Kwenye vioo bado imesimama.

Mwaka jana, mchana kweupe, duka la chini ya studio likashika moto. Anjana, binti wa Mzee, akatoka mbio na kichanga chake kifuani. Kugeuka, baba hayupo. Karudi juu. Kafuata sanduku.

Moshi unafuka dirishani. Wenye maduka wanarusha majora ya vitambaa barabarani. Anjana aingie? Mtoto je? Akampachika mikononi mwa Blandina, muuza vitenge, akakimbilia mlangoni. Watu wakamdaka. Kumbe Kitwana, mwadhini wa msikiti wa jirani, ameshatangulia kupanda. Anjana akawasikia ngazini.

"Mzee Tulsi, tupa hilo dude! Utakufa!"

"Babu yangu alifika Kilwa kwa miguu, mimi nishindwe na ngazi? Shika huko, Ustaadhi. Usililaze! Vioo vikilala vinavunjana."

"We hata kuswali huswali, misikiti ya nini?"

"Ndiyo maana nimekupa upande mzito!"

Kisha kikohozi. Kisha kimya.

"Kimya kile ndicho kilichonizeesha," ananiambia Anjana.

Sanduku likatokeza, limesimama wima. Nyuma yake wanaume wawili, masizi matupu. Hakikupasuka hata kioo kimoja. Lakini moshi haukumtoka Mzee kifuani. Alikohoa tangu siku ile hadi Jumatatu.

"Nilimuuliza, Baba, mjukuu wako si zaidi ya vioo? Kesho yake akaniita, tukavifuta kimoja kimoja. Hasira bado ninayo, dada. Lakini navifuta."

Pole sana, Anjana. Pole Ustaadhi Kitwana, nawe umefiwa. Mungu awape moyo wa subira.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa: jirani yako anatunza nini ndani mwake? Muulize leo. Usingoje moto.