Mpiga Filimbi

Basi lilikuwa likijivuta kwenye foleni, na fundi cherehani alisinzia nalo, kichwa kikigonga kioo taratibu. Mbele, joto liliifanya lami ielee kama maji. Kwenye kiti cha nyuma yake, mama mwenye kapu alikuwa akinung'unika.

"Wamefunga upande mmoja wa barabara, halafu wamekaa kivulini na masepetu yao. Sisi tuoze humu."

"Wananisubiri mimi, mama," ilisema sauti ya upole ya mwanamume aliyeketi kando ya mama huyo. "Mimi ndiye mpiga filimbi. Wao wakiinama, wanayapa magari mgongo. Mimi nayatazama."

"Filimbi si mtu yeyote anapuliza?"

"Wiki iliyopita nilichelewa, wakampa mwenzetu. Akapokea simu, gari likapita. Lilimgonga mtu wetu wa lami, bado yuko wodini. Ndiko nitokako sasa, kumpelekea chai."

Mama akasogeza kapu lake. "Basi shuka utembee. Si pale tu?"

"Nimemwomba dereva mara mbili. Hafungui mlango kabla ya kituo. Anasema ni kwa usalama wangu."

"Nawe ungeamka mapema."

"Niliamka mapema, mama."

Fundi alitaka kucheka, usingizi ukamzidi. Aliposhtuka, basi limesimama kituoni na mwanamume wa kando ya mama anashuka. Jicho la mshonaji likatua kwenye kizibao chake cha njano: kifuani kimepauka kabisa, mgongoni bado kipya kama cha dukani. Mwanamume akaenda kusimama penye koni za barabarani, uso kwenye magari, filimbi mdomoni.

Ndipo wale wa kivulini wakaja nyuma yake na kuinama, mmoja mmoja.