Mayu Matroni na Kopo la Sukari

Mama Lusia Makoye, matroni wa bweni la wasichana, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kulitumikia bweni hilo miaka ishirini na tisa. Wengi tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Jikoni wanamjua kama mteja msumbufu, maana chai yake ni vijiko vinne vya sukari, na ole wako umhesabie.

Mayu hujisifu kwamba humjua kinara wa bweni ndani ya wiki moja. Hamtazami anayepiga kelele, humtazama anayepishwa kwenye foleni ya uji. Akishamjua, humpa ukiranja ili atulie. Dawa hiyo ilifanya kazi miaka mingi, mpaka alipokuja Hosiana.

Huyu alikuwa binti wa mnunuzi wa dhahabu, na alikuja na kopo la sukari. Uji wa shule hauna sukari, kwa hiyo kijiko chake ndicho kilichoamua nani rafiki na nani si mtu. Mayu akamfanya kiranja wa bwalo. Jamani, kumkabidhi fisi bucha!

Mwaka huo aliingia pia Mageni, mtoto wa wafugaji. Asubuhi ya kwanza alilisalimia bwalo zima kwa salamu ya kwao, mwangaluka. Hosiana akacheka, na bwalo zima likacheka. Wiki tatu Mageni alikunywa uji peke yake, kila benchi alilolikaribia likijaa ghafla. Wiki ya nne alibeba sanduku lake arudi nyumbani, shule basi.

Mayu alimkuta getini. Alimwambia kosa ni lake yeye matroni, akajitwika lile sanduku mpaka bwenini. Kesho yake alichukua kikombe, akaketi na Mageni, akanywa uji mkavu. Uso alioukunja! Lakini aliunywa mwezi mzima, huku akipiga soga. Wasichana wakaanza kuhamia pale, mmoja, watatu, hatimaye karibu wote. Hosiana akabaki na kopo lake.

Siku alipochoka, alisimama mbele yao na kikombe mkononi, machozi yakimlengalenga. Aliyesogea kumpa nafasi ni Mageni.

Leo Mageni ni muuguzi Ibadakuli, na yumo humu ukumbini. Hosiana anafundisha Jiografia shuleni hapa, na ndiye aliyeandika maneno haya.

Asante, Mayu. Kopo ni lilelile, nimekujazia. Nenda kanywe chai yako nyumbani kwako Runzewe kwa afya na amani, vijiko vinne, wala hatuhesabu. Tukija kukusalimia, utusogezee benchi.