Maji ya Mgeni: Maisha ya Ketrina binti Isaka, 1898–1957

Ndugu wafiwa, wazee wa kanisa, majirani wa kijiji hiki cha Mpemba, na ninyi mliofika leo baada ya miaka minne ya kuipita nyumba hii kwa mbali: ukoo umenipa mimi, Efraimu, kazi ya kusoma maisha ya dada yangu.

Ketrina alizaliwa mwaka 1898 karibu na misheni ya Mbozi, mtoto wa tatu wa Isaka Nzunda na mkewe Ferista. Tangu alipoweza kubeba kibuyu alipewa kazi ya kuwanawisha wageni. Wakati huo mgeni hakumwagiwa maji kabla hajataja ukoo wake, wa baba na wa mama, kwa maana mtu uliyemnawisha na kumlisha hukuweza tena kumshitaki popote. Ketrina hakumhurumia mtu. Siku moja mwinjilisti mzima alisimama uani, mikono ikiwa hewani, akitaja watu wake hadi bibi mzaa mama, huku baba akiziba kicheko kwa kofia. "Na huyo bibi aliolewa wapi?" mtoto akauliza. Siku hizi suruali iliyopigwa pasi inatosha.

Alibatizwa Pasaka ya 1911, na kusoma alijifunza katika darasa la ubatizo. Shule nyingine hakupata. Agano Jipya lake lilipochakaa alilishona kwa uzi wa gunia, akaendelea nalo.

Mwaka 1919 aliolewa na Yonasi Silwimba wa hapa Mpemba, aliyekuwa amerudi kutoka kubeba mizigo ya vita na bega bovu. Walipata watoto wawili, Osea na Marita. Ketrina alilima ulezi na maharage, tena alikuwa mkunga. Wengi wa vijana wanaovuta sigara pale nyuma walipokelewa na mikono yake. Yonasi alifariki mwaka 1943. Mwaka 1946 Osea alivuka mpaka kwenda migodini Kitwe. Salamu zake za mwisho zilifika 1948.

Julai 1953 alikuja hapa mtu mwenye baiskeli mpya, akijiita Karani Amoni wa bahati nasibu ya migodini. Vijana hakuwagusa. Aliwaendea wazee wenye watoto ng'ambo, akiwaambia kwamba jina la mtoto limeokotwa katika kapu la bahati, kwamba zawadi ni kubwa na mtoto mwenyewe ataileta, ila mzazi atoe kwanza gharama ya kuifungua. Majina ya watoto hao aliyapata kilabuni Tunduma, kwa vijana wetu wenyewe, kwa kuwanunulia pombe. Kwa Ketrina alisema tu, "Mama Osea, Osea anakusalimu."

Basi. Mwanamke aliyemhoji mwinjilisti hakuuliza hata jina la ukoo. Alimnawisha, akamchinjia kuku, akampa mtamba wake wa pekee. Zawadi hakuitaka. Alitaka kumwona mwanawe akiingia uani.

Septemba polisi walimkamata Amoni mpakani na ng'ombe wa watu, wengine akiwa ameshawauza Nakonde, ng'ambo ya mpaka, lakini bila mashahidi kesi isingesimama. Wazee waliotapeliwa walikataa wote, maana alikuwa amekula kwao. Mzee Anyelwisye, ambaye namwona pale, alimwambia dada mbele yangu, "Mama Osea, mtu niliyemnawisha nitamshitakije? Na nikamwambie Mzungu kwamba mimi na mvi zangu nimechezewa kama mtoto?"

"Mwambie hivyo hivyo, Baba Leah. Ng'ombe wako ameshaliwa Nakonde, na wewe bado unamtunzia mlaji heshima."

"Baadaye utakunywa maji na nani?"

"Na Marita."

Alikwenda Mbeya juu ya lori la kahawa. Mahakamani ilijulikana kwamba mtu yule jina lake ni Sadoki, na Kitwe hajawahi kuiona. Mila zetu, hata hivyo, alizijua kuliko watoto wetu. Alimgeukia Ketrina, akasema kwa upole, "Mama, si ulininawisha kwa mkono wako?"

Ketrina akajibu, "Nilimnawisha Amoni, aliyetoka kwa mwanangu. Mtu huyo hayupo. Wewe sikujui, na maji yangu hujayagusa."

Sadoki alifungwa miaka miwili na kazi ngumu. Mtamba hakurudi, wala Osea. Kifungo kirefu alikitumikia Ketrina, kwa kuwa hakuna aliyekubali tena maji nyumbani kwake, hata wanawake aliowazalisha. Sadoki alipotoka alifungua duka Tunduma, na wapo hapa wanaokula naye. Marehemu alinikataza kuwataja.

Juni mwaka huu alianza kuugua mapafu. Wa kubeba machela hawakupatikana. Mkwewe Enoka alimkalisha kwenye baiskeli, Marita akimshika mgongoni, wakaisukuma hadi zahanati. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Agosti 1957, alfajiri.

Kabla ya hapo aliniita. "Kaka, mkishanizika watu watakuja kunawa. Wanawisheni wote."

"Hata Anyelwisye?"

"Yeye wa kwanza. Ana haya yule, usipomwita hatasogea."

"Na koo zao tuwaulize?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Usimwulize mtu. Ila akija mgeni anayesema ni Osea, huyo muulizeni mpaka bibi mzaa mama. Akimtaja Ferista, mmwagieni maji."

Ameacha binti yake Marita, mkwewe Enoka, wajukuu watano, na mimi kaka yake. Ameacha pia mwana, Osea, ambaye namsoma miongoni mwa walio hai kwa sababu mama yake hakuruhusu vinginevyo.

Maji yapo mlangoni. Ningeachiwa mimi, nisingewamwagia hata tone. Lakini ni neno lake, na kibuyu ninacho mkononi. Mzee Anyelwisye, tangulia.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Mgeni wako tutamuuliza.