Bwana Amenitoa Chuma

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena, maana leo nimepanda mlima wa kuja hapa kwa miguu yangu mwenyewe!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Furaha wa kwaya, yule mliyezoea kumwombea. Nilizaliwa na drepanositozi, yaani selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama. Tangu utotoni mifupa ikiuma, damu ikishuka, nakimbizwa hospitali kule Ibanda kuongezewa damu ya watu. Kama umewahi kutoa damu, huenda natembea na yako. Asante sana!

Mama yangu naye hakukaa bure. Alisikia kwamba chuma hutengeneza damu, basi akaninywesha chuma! Siro, ile dawa tamu ya maji, asubuhi, siro jioni, na juisi ya beteravi, ile mizizi myekundu, mpaka ulimi unakuwa mwekundu. Ninyi akina mama wa maombi mkija kunisalimu, kila mmoja ana siro yake ndani ya mkoba. Nani angekataa? Dirisha letu lilikuwa kama farmasi!

Lakini tumbo likanigeuka. Likavimba, likanguruma, nikaharisha mpaka nikaacha kwaya. Ndugu zangu, niliogopa kufa. Mkaniwekea mikono hapa mbele mkaomba Bwana aongeze damu, na mama akaongeza kijiko.

Ndipo Mungu akatupeleka kwa daktari mmoja, mwanamke mpole. Alipima chuma mwilini mwangu, akamtazama mama.

"Maman, damu yenye tulimuongezeaka iko na fer, ni kusema chuma, mingi, na mwili haijue kuitosha inje. Inabakia mu maini na mu moyo. Na fer ya siro yenye mwili haichukue, inashuka mu matumbo, microbes, vile vidudu mubaya, zinaikula, zinaongezeka."

"Basi ni mimi nilikuwa namuua mutoto wangu?"

"Hapana, maman. Ulikuwa unamutunza. Sasa tuache siro."

Mama alilia njia nzima mpaka nyumbani kwetu Muhumba.

Nilipewa dawa ya kuondoa chuma. Unaikoroga ndani ya maji, inabaki mdomoni kama chaki. Nilimwomba mchungaji abadilishe maombi. Alicheka kwanza, kisha akapaza sauti: "Bwana, toa chuma!" Kanisa zima mkaitikia amina, ingawa wengine mlitazamana!

Na Bwana alisikia! Kila nikipimwa, chuma kinapungua. Tumbo limetulia, nakula maharage yangu kwa amani. Ugonjwa wenyewe bado ninao, siwadanganyi, na dawa nakunywa. Lakini nimerudi kwaya, na nina furaha kuliko jina langu!

Wewe mwenye mtoto kama mimi, usimwanzishie siro wala usimwachishe kwa sababu ya maneno yangu. Mpeleke akapimwe. Mtegemee Bwana, na usiogope daktari, maana Bwana ndiye aliyenipeleka kwake.

Sasa nina jambo moja la mwisho. Tangu siku ile mama yangu hukaa benchi la nyuma kabisa, anaona haya mbele yenu. Mama, simama! Usiku wote ule niliolia mifupa, ni mikono yako iliyonikanda. Niko hai kwa sababu hukuchoka. Kanisa, mpigieni mama yangu makofi, kisha mtu amshike mkono aje akae hapa mbele nimwimbie.