Maisha ya Mzee Pima na Winga Wake wa Kushoto

Mzee Pima alizaliwa tarehe 9 Machi 1921, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi seremala na mkewe mshona nguo. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alimpiga mateke tumboni mpaka akakosa usingizi, na alipotoka akalala siku nzima kama mtu aliyemaliza kazi yake. Alibatizwa mwaka huohuo, na imani ile aliishika mpaka mwisho, ingawa kanisani alipenda kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Alisoma kuanzia mwaka 1930 hadi 1934. Mwalimu wa hesabu alimuuliza siku moja, "Wewe, akili zako umeziweka miguuni?" Naye akajibu kwa adabu, "Ndiyo, mwalimu, kichwani zinachoka." Mwalimu akageukia ubao ili asionekane anacheka. Dawati moja alikaa na mtoto wa jirani, mwembamba, asiyetulia, ambaye kila mtu alimwita Chapuchapu. Mpira wao wa kwanza waliushona kwa foronya, wakaujaza matambara. Foronya ilitafutwa nyumbani wiki nzima, mwisho mama akaja kuiona mwenyewe ikiingia golini.

Mwaka 1937 wote wawili waliingia timu ya mji, wakati ambapo wachezaji wengi bado walicheza pekupeku. Yeye alikuwa kiungo, Chapuchapu winga wa kushoto. Jina la Pima alilipata hapo, kwa sababu ya pasi zake. Alipiga mpira mahali patupu bila hata kutazama, na mpira ukitua, Chapuchapu amekwisha fika. Mwaka 1939 walichukua kombe, wakabebwa mabegani mpaka sokoni.

Mwaka 1940 vita vikawachukua wote wawili siku ileile. Mama yake Chapuchapu aliwasindikiza hadi kwenye lori, akamshika Pima mkono. "Wewe ndiye mwenye kutulia," akamwambia. "Huyu nirudishie."

"Nitarudi naye, mama."

Alirudi Februari 1946, peke yake. Mama yule akamuuliza, "Mwenzio yuko wapi?" Akajibu, "Tulipotezana njiani." Zaidi ya hapo hakusema. Serikali nayo ilileta habari moja tu, kwamba hajulikani alipo.

Timu ilimpokea kwa shangwe. Katika mechi ya kwanza akapata mpira, akaupeleka kushoto, mbali, kwenye nafasi. Mpira ukatoka nje. Watu wakacheka, wakasema jeshi limemtia kutu. Akarudia palepale. Mara ya tatu hakuna aliyecheka tena.

"Unampa nani, Pima?" nahodha akamuuliza. "Pale hakuna mtu."

"Atafika," akasema.

Mapumziko yalipofika alivua viatu vyake, akaviweka kwenye benchi, akaenda zake. Hakucheza tena. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Akajifunza ushonaji viatu, akafungua kibanda kwenye baraza la duka la vitambaa, akakaa hapo kwa miaka thelathini na tisa. Viatu vya wachezaji alivitengeneza vizuri kuliko vingine vyote, lakini uwanjani hakwenda. Makelele ya mashabiki yakisikika, nyundo ilisimama hewani mpaka yatulie. Wateja walizoea pia kumwona akigeuza kichwa kushoto katikati ya maongezi, kama mtu aliyeitwa.

Tarehe 14 Agosti 1948 alifunga ndoa na mdogo wake Chapuchapu. Kabla ya kukubali, binti yule alikwenda kibandani na kiatu mkononi, akijifanya kisigino kimelegea. "Kaka yangu alikufaje?" akamuuliza.

"Niulize lingine lolote."

"Sina lingine. Nitakuuliza hilohilo mpaka uchoke."

Alimpenda, akaolewa naye, na akamuuliza. Alimuuliza alipozaliwa mtoto wa kwanza. Alimuuliza tena mwaka 1963, walipomzika mama yake, ambaye hata akienda kanisani tu alimwachia jirani ufunguo na kumwambia, "Akija mwanangu, mfungulie." Pima alishika koleo, akafukia kaburi la mama mkwe wake karibu peke yake.

Kisukari kilimpata mwaka 2001. Mwaka huu wa 2004 kidonda kikatokea mguuni. Jumamosi moja ya Juni, mchana, mkewe alikuwa amekaa uani anamwosha mguu kwenye beseni. Siku hiyo hakumuuliza kitu. Mzee akaanza mwenyewe.

Walikuwa wamebeba masanduku ya risasi kwenye mvua. Chapuchapu alikuwa na homa, miguu imevimba hata haiingii kwenye buti. Amri ilikuwa msafara usisimame. Akamketisha chini ya mwamba, akamwachia chupa ya maji, akamwambia atarudi kumchukua. Chapuchapu akamtania, "Usikawie, maana wewe ni mzito." Aliporuhusiwa kurudi, chupa ilikuwepo, imefungwa vizuri. Mtu hakuwepo. Hapakuwa na damu wala kitambaa. Aliita mpaka sauti ikakauka.

"Kwa hiyo hukumwona amekufa?" mkewe akauliza.

"Sikumwona."

"Na mama hukumwambia."

"Ningemwambia nini? Nikisema amekufa, nadanganya. Nikisema yu hai, ataniuliza mbona nilimwacha."

Mkewe aliendelea kumwosha, kidole baada ya kidole, mpaka maji yakapoa. Kisha akasema, "Mama alimngoja peke yake miaka kumi na saba. Kumbe mngengoja wawili." Mzee akalia, na mkewe akamfuta uso kwa taulo lilelile la miguu, wote wawili bila kutambua.

Alilazwa hospitalini mwishoni mwa Agosti, akapokea sakramenti kwa akili timamu, na akafariki tarehe 2 Septemba 2004, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Wamemtangulia wazazi wake, ndugu zake wote watano na mama mkwe wake. Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na wanane na vitukuu wanne. Wasifu huu ulipokuwa ukiandikwa, mwanawe mkubwa alimweka mjomba wake pamoja na waliotangulia. Mjane aliposomewa, akasema, "Mtoeni hapo. Nani alimzika?"

"Mama, angekuwa na miaka themanini na mitatu."

"Mimi nina sabini na minane, na niko hapa nakusikiliza."

Kwa hiyo marehemu ameacha pia shemeji yake na rafiki yake, Chapuchapu, ambaye Mungu peke yake ndiye ajuaye alipo. Kungoja sasa tutangoja sisi. Yeye, Bwana ampumzishe.