Dada Aliyekalia Mikono Yake

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba mpasua mbao na mama mshonaji. Tangu utotoni alikuwa mwepesi wa kusaidia. Mdogo wake anayemfuata, ambaye sasa ni seremala na ndiye anayesoma wasifu huu, alifika darasa la tatu bila kujua kufunga kamba za viatu, kwa sababu dada alimfungia kila asubuhi.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza sekondari mwaka 1979. Baada ya miaka minne ya kumsaidia mama kushona, Septemba 1983 alijiunga na chuo kusomea tiba kwa vitendo, yaani kumwezesha mgonjwa kuvaa, kula, kuoga na kufanya shughuli zake mwenyewe tena. Wakati wa likizo alikuja na daftari la nadharia kwenye karakana alikojifunzia kazi mdogo wake, akasoma kwa sauti huku randa ikipita.

"Shughuli yenyewe ndiyo dawa," alisoma.

"Basi mimi siugui kamwe," mdogo wake akamjibu. "Fundi wangu ananinywesha dawa hiyo kutwa."

Mtihani wa nadharia alifaulu vizuri sana. Wa vitendo, Juni 1986, ulimwangusha. Aliletewa mzee aliyepooza upande wa kulia, amwongoze kuvaa shati mbele ya mwalimu. Mzee alihangaika na vifungo robo saa nzima, jasho likimtiririka. Vilipobaki viwili, marehemu alishindwa kuvumilia, akamfungia.

"Shati la nani hilo?" mwalimu akauliza.

"La mzee, mwalimu."

"Na hivyo viwili vya chini kafunga nani?"

Mzee akadakia, "Mwache binti wa watu, mwalimu. Hata mke wangu hunifungia."

"Ndiyo maana hadi leo hujui kufunga, mzee wangu."

Alirudi nyumbani akilia, akasema haendi tena chuoni. Mdogo wake si mtu wa maneno. Alichonga ubao, akapigilia vipande viwili vya kitambaa vyenye vifungo vinane, akamwekea mezani. Mama alikubali kuwa mgonjwa, akafunga vifungo kwa mkono wa kushoto tu, tena polepole kwa makusudi. Marehemu aliketi mbele yake akiwa ameikalia mikono yake mwenyewe, isije ikanyooka. Walifanya hivyo jioni nyingi. Machi 1987 alirudia mtihani, akafaulu.

Alifanya kazi hospitali moja kwa miaka thelathini na mitano, katika chumba cha mwisho wa korido, karibu na kwa dobi. Ubao ule ulining'inia humo mpaka vitambaa vikabadilishwa mara nne. Wagonjwa walimwita Bi Kalia Mikono. Wengine walimnung'unikia siku ya kwanza, kisha wakaja kumwonyesha shati walilovaa wenyewe.

Tarehe 5 Desemba 1988 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa binti na mvulana. Mumewe alipenda kuwaambia wageni, "Shemeji zangu, nimeoa mtaalamu. Tangu harusi, chai najimiminia mwenyewe." Na mkewe alimjibu, "Na mikono yako haijambo, au uongo?"

Mwaka 2021 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka na misuli kukaza. Alijua ugonjwa huo kabla daktari hajautaja. Alistaafu mwaka uliofuata. Mwezi Aprili mwaka huu, 2024, alilazwa.

Asubuhi ya tarehe 8 Mei mdogo wake alimkuta amekaa kitandani, akifunga sweta lake la kijivu lenye vifungo vitano.

"Dada, nikusaidie?"

"Umeanza."

"Naona tu unachoka."

"Nachoka, ndiyo. Kalia mikono."

Akavuta kiti, akaikalia. Alikuwa hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Muuguzi aliingia akiwa na haraka, akanyoosha mkono kwenye kifungo cha tatu. Mdogo mtu, ambaye huona haya hata kuuliza bei dukani, akasema kwa sauti iliyosikika kitanda cha pili, "Mwache, nesi. Anafunga."

Dada yake akamtazama, akatabasamu, akaendelea. Kifungo cha tano kiliingia tundu lisilo lake. Hakuna aliyekirekebisha. Alifariki saa tisa alasiri, usingizini, akiwa amevaa sweta hilo.

Marehemu ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, wajukuu watatu, mdogo wake seremala, mdogo wao wa mwisho wa kike, na watu wengi wanaovaa wenyewe kila asubuhi.

Kazi yake ameimaliza kwa mikono yake. Mungu ampumzishe kwa amani.